Nati ya Kujazia

Tulikuwa tumeshamwaga oili yote ya giaboksi ndipo nikajua nati ya kujazia haifunguki.

Wenye magari wameanza kunicheka, na wana haki. Kila aliyewahi kulala chini ya lori anajua: fungua pa kujazia kwanza, pakikubali ndipo umwage. Mimi Muigai, miaka ishirini na mbili kwenye usukani, nilianza kwa kumwaga kwa sababu ya haraka. Gia ya tatu ilikuwa ikiruka tangu Jumapili, nikajiambia oili mpya itaituliza. Saa moja tu ya kazi hapa nyumbani Langas, halafu mbio hadi Kesses.

Kesses ndiko mke wangu Nduta alikokuwa ameketi na mavuno yetu yote ya mwaka: magunia sitini ya mahindi makavu, wazi shambani, na turubai moja linalofunika labda kumi na tano. Mvua ikiyapata yanaoza. Hayaliwi, hayauziki. Lori la kuazima? Msimu wa mavuno? Ukilipata nipigie.

"Bosi, unaona nini huko chini?" akauliza Wabuge, aliyenipakilia mizigo miaka kumi na miwili.

"Naona dhambi zangu."

Nati ilikuwa ubavuni mwa giaboksi, na mbele yake, upana wa vidole viwili, kulikuwa na chuma kinene kilichochomelewa kwenye chesisi. Mimi mwenyewe nilimwambia fundi akiweke, mwaka juzi, ili lori libebe magunia kumi zaidi ya kiasi chake. Spana iliingia kwa shida, ikateleza, ikanichuna vidole. Kila ilipoteleza nati ilizidi kuwa mviringo, hadi ikawa laini kama kichwa cha Wabuge.

"Kata hicho chuma na grinda," akasema.

"Stima imepotea tangu asubuhi. Labda ukitafune, meno unayo."

"Meno ni ya nyama, na kwako sijawahi kuiona."

Basi nikaamua tupitie juu. Ndani ya kebini, chini ya raba ya gia leva, kuna kifuniko cha boliti nne. Ukikiondoa pamoja na leva yake, unabaki na tundu linalotazama meno ya gia moja kwa moja. Hapo ungetia oili kwa faneli. Zilitoka lita saba, tungerudisha lita saba.

Boliti tatu zilikubali. Ya nne ilikuwa nyuma, chini ya fremu ya kiti, haionekani. Nililala kifudifudi nikaipapasa kama kipofu, spana ikisogea upana wa ukucha, naitoa, nairudisha, upana wa ukucha tena. Simu ikalia.

"Baba Kiarie, mmefika wapi? Huku kumeanza kuwa kweusi," akasema Nduta.

"Tumefika Cheptiret."

"Mbona sisikii injini?"

"Nimezima. Kuna polisi hapa mbele."

Wabuge alinitazama. "Hao polisi ni mimi?"

"Shika taa."

Saa nzima na robo, boliti ya nne ikatoka. Tukainua kifuniko polepole, kila mtu upande wake, na kitu kikasema tin! ndani ya giaboksi.

"Hiyo ilikuwa nini?" Wabuge akauliza.

"Washa, ile pete ya boliti."

"Imeenda wapi?"

"Imeenda kutafuta kazi."

Tulicheka kidogo, kisha tukaacha. Washa ya chuma kati ya meno ya gia haikufikishi hata Cheptiret. Wabuge akavunja spika ya redio yake mbovu, akapata kipande cha sumaku, tukakifunga kwenye waya na kukishusha gizani. Tukavua kama wavuvi. Sumaku ilishika kuta, ikashika shafti, ikashika kila kitu isipokuwa tulichokitaka. Nje, kivuli cha lori kilikuwa kimeshafika kwenye ua.

"Imeshika!" Wabuge akapiga kelele. "Bosi, imeshika!"

Alivuta taratibu. Kilichotoka hakikuwa washa. Kilikuwa kinene kama kidole gumba, upande mmoja umelika, upande wa pili umevunjika na kung'aa. Nilikigeuza kiganjani mara mbili kabla ya kukubali kwamba ni jino la gia.

"Tukilirudisha?" Wabuge akauliza kwa sauti ndogo. "Si litashika tena?"

"Ngoja nilipigie mswaki kwanza."

Hakucheka. Simu ikalia. Kabla Nduta hajasema neno nilisikia kishindo kwenye turubai, kama mtu anayemwaga maharagwe bila kukoma.

"Mko wapi? Usinidanganye."

"Langas. Lori halitoki. Leo halitoki, na sijui kama kesho."

Maharagwe yakaendelea kumwagika.

"Umefunika mangapi?" nikauliza.

"Kumi na manne. Nimekalia ncha ya turubai lisipeperuke."

"Nduta, ondoka hapo, utalowa."

"Nikiondoka litapeperuka." Kisha akasema, bila hasira, "Basi wewe usiharakishe tena."

Hakukata simu. Huku Langas jua lilikuwa bado linawaka kwenye kioo cha mbele. Wabuge alikuwa ameshusha waya tena, amekaza macho ndani ya tundu.

"Wacha," nikamwambia.

"Washa bado iko ndani, bosi."

"Najua. Wacha."

Akaendelea kuvua.