Mguu wa Imani

Katekista Evaristo ni mtu mwema, lakini siku ile nilitamani kumziba mdomo kwa kanga. Mwanangu amelala kwenye jeneza chini ya turubai, hapa nyumbani kwetu Mingoyo, na yeye anahubiri kwa furaha utadhani tuko harusini. Alisoma lile somo la Ufunuo, la umati usiohesabika, watu wa kila kabila na kila lugha, wamevaa mavazi meupe mbele ya kiti cha enzi. Kisha akafunga Biblia, akanigeukia.

"Mama Imani, futa machozi. Binti yako sasa yumo kwenye umati ule. Na kule hachechemei tena. Anatembea sawasawa."

Watu wakaitikia amina. Mimi nikatazama jeneza, upande wa miguu.

Imani alizaliwa na selimundu, maradhi ya damu. Ugonjwa ule ulimla nyonga ya kushoto angali mdogo, akawa anauburuta mguu kidogo, kisha anaurusha mbele ghafla, kama mtu anayeruka dimbwi. Sijamwona mwingine anayetembea hivyo. Alifika miaka kumi na tisa, akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, ndipo ugonjwa ukamchukua.

Mwaka jana kwaya nyingi zilikutana Lindi mjini. Walikuja Wamwera, Wayao, Wangoni kutoka Songea, hata Wahaya, ambao sijui walifuata nini mbali kote huko. Siku ya mwisho wote walivaa majoho meupe, wakajaa uwanjani. Nilikuwa nimempelekea mwanangu dawa zake, nikasimama pembeni nimeduwaa, maana kwa mbali nyuso zote zilikuwa moja. Mara nikauona ule mguu, upande wa pili kabisa. Nikacheka peke yangu, nikapenya katikati yao mpaka nikamfikia.

Sasa naambiwa mguu umenyooshwa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na chale za Kimakonde uso mzima. Huyo hata akichanganywa na dunia yote nitamtambua. Lakini sisi wa leo hatuchanji chale, na mwanangu hakuwa na alama nyingine. Nilipomnong'oneza mume wangu Damiani hayo, alinishika mkono akasema nimechoka. Sikuwa nimechoka. Niliogopa. Kifo chenyewe nilikuwa nakisubiri tangu Imani akiwa mchanga, lakini hili la kumpoteza tena huko mbinguni hakuna aliyewahi kuniandaa kwalo.

Tukaondoka kwenda makaburini. Kwaya ilitangulia na majoho yao, wanaume wakafuata na jeneza, mimi nikawa nyuma nimeshikiliwa na wanawake wawili. Njia inapita kati ya mikorosho, na kuna mahali inapinda, ukiwa nyuma unawaona wote walio mbele. Hapo ndipo nilipoinua macho. Katikati ya yale majoho meupe nikaona mguu unaburutwa, kisha unarushwa.

"Imani!"

Jeneza nililiona, liko mabegani mwa wanaume, na bado nilimwita.

Aliyeitwa akageuka. "Abee, mama," akaitika kwa sauti ya kuvuta, ileile ya mwanangu.

Alikuwa Theresia, Mmwera wa Kilangala, mtani wetu. Alikuwa amelitoa joho la Imani msumarini akalivaa, nalo lilimbana kwelikweli, maana Theresia ana mwili wa gunia la korosho. Kwetu ndiyo kazi ya mtani msibani: huvaa nguo za marehemu, akatembea na kusema kama yeye, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Watu walicheka, kisha vicheko vikageuka kilio.

Aliyekasirika ni Evaristo. "Theresia, vua hilo joho! Unamcheka marehemu kilema chake, na Mungu ameshamponya?"

"Mwache," nikasema.

"Mama Imani, haya mambo..."

"Mwache, katekista! Nina swali langu. Kama mguu umenyooka, na wote wamevaa meupe, na hakuna awezaye kuwahesabu, mimi nitamjuaje mwanangu?"

Hata waliobeba jeneza walisimama. Evaristo akaifunua Biblia yake. "Mungu anawajua walio wake, mama."

"Mungu atamjua, sawa. Mimi je?"

Akaifunga Biblia. Namheshimu kwa hilo, kwamba hakunitungia jibu.

Theresia akaja, akawasogeza wale wanawake, akanishika mkono yeye. "Wewe Mmakonde una shida sana," akasema. "Ukishindwa kumwona, njoo uniulize. Mimi nitakuwa mbele kabisa, kwa Wamwera. Ninyi mtakuwa huko nyuma mnagombania ming'oko, vile viazi vyenu vya porini." Kisha akajifuta machozi kwa mkono wa joho la mwanangu. Tukatembea hivyo mpaka kaburini. Hakuacha kuuburuta mguu, hata pale ambapo hakuna tena aliyekuwa anacheka.

Tulimzika Imani, na joho limerudi msumarini. Jumapili kwaya ikiimba habari za umati ule, mimi siimbi. Wanadhani nimepungukiwa imani. Laiti ningekuwa siamini, ningelala usingizi. Naamini kila neno, ndiyo maana naogopa.

Kwa hiyo napiga magoti na kusema maombi yangu kwa Kimakonde, kwa kuwa wamesema huko kila lugha inasikika. Naomba mwanangu aponywe damu, aponywe mifupa, aponywe yale maumivu yaliyomfanya aume shuka nisimsikie akilia. Mponye yote, Baba. Ila mguu ule usiunyooshe kwanza. Ngoja nifike.