Kibodi Haionekani

…chini ya meza nachomoa, nachomeka tena, nachungulia juu, na kioo kinaniambia yaleyale, kibodi haionekani, bonyeza F1 uendelee, nibonyeze kwa nini, kwa pua, hii mpya hata taa haiwashi, plagi yake bapa, na mashine hii aliyoniachia marehemu baba inataka ile ya duara, adapta aliyoileta Mahmoud kutoka Bagamoyo mjini inaingia vizuri tu lakini mashine haiitambui… "Raya, bado tu?" huyo Mahmoud, mume wangu, kakaa mlangoni mwa steshenari yangu anakunywa kahawa, anauliza bado kana kwamba kibodi ya zamani ilijifia, ilhali aliivunja begani mwangu, hapahapa, kisa nilichelewa kupokea simu yake, aliinyanyua kwa mikono miwili kama mtu anayepasua kuni, vitufe vikaruka hadi barazani, kimoja nilikikuta nyweleni kesho yake nikichana, na bega mpaka leo linawaka, kisha wazee wakaja kusuluhisha, ubani, mkeka, ami yake Twalib akaniuliza, "Mke ana neno?" na Mahmoud goti kwa goti nami, kanikodolea macho, nikasema sina, Fatiha ikasomwa, yakaisha, yakaisha kwao, mimi nikaletewa doti ya kanga na kibodi isiyoingiliana na mashine… bisibisi hii niliyoishika ni ndefu, na shingo yake ile pale, nyama laini chini ya sikio, ningeizamisha mpaka mpini, ningeizungusha, damu ijae kikombe chake ainywe, Mungu nisamehe, la, usinisamehe kwanza, ngoja aanguke nimwone… "Mwanangu, pole na kazi," Bi Mize huyo, jirani, kaja kuchapisha barua ya mjukuu wake, shikamoo Bi Mize, "Marahaba. Mbona mkono huo huuinui?" na kabla sijafungua kinywa Mahmoud keshajibu, "Kateleza bafuni," anacheka, anacheka! na somo yangu Biubwa alinifunda kabla ya ndoa, ya chumbani yafie chumbani, nikayafukia, lakini somo, huku si chumbani, hapa ni dukani, mchana kweupe, mlango wazi, nani alinidanganya kwamba ni siri… kibodi haionekani, bonyeza F1, mpumbavu wee, unajua fika sina cha kubonyeza halafu unaniamuru nibonyeze, hivyohivyo wale wazee, mdomo umezibwa mbele yao halafu wanaulizia neno, na mimi nikaona aibu, mimi!… bisibisi imeota jasho kiganjani, naiweka sakafuni, si kwa kumhurumia, nikimchoma atazikwa yeye na nitafungwa mimi na watu watasema mke alikuwa mwendawazimu, hawatajua bega… "Raya! Hujaweza?" anapuliza kahawa yake, kioo kinang'ang'ania F1, Bi Mize hajamwamini, bado kaniinamia chini ya meza, ananingoja mimi, sikuteleza, Bi Mize, nitaanza na hilo, kwa sauti ya kufika barabarani.