Aliyefungwa Anapisha

Munira alichukua likizo wizarani, kule Mtumba, Dodoma, akamsindikiza mdogo wake Abdulwahab hadi Poland, awe mkalimani wake kwenye mashindano ya gemu za zamani za mpira. Aibu aliitegemea, ila si ya kiasi kile.

Abdulwahab alishinda mechi ya kwanza, akaambiwa ahamie meza nyingine. Akagoma kunyanyuka.

"Dada, waambie anayepisha ni aliyefungwa. Mimi nimeshinda, nihame kwa kosa gani?"

Ndivyo walivyocheza miaka yote kwenye kibanda cha gemu Kibaigwa, ambako madalali wa mahindi wamewahi kuzichapa kavukavu kwa ajili ya kiti. Munira akatafsiri huku anatazama sakafu. Wazungu wakajadiliana, wakachoka, wakaanza kumletea wapinzani pale pale alipojikalia kama mwenyekiti wa kijiji.

Fainali akafungwa na mzee mmoja mwenye kipara. Hakubisha. Aliweka pedi ya kuchezea mezani, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha mzee.

Kombe likatolewa, picha zikapigwa, televisheni zikaanza kuzimwa. Munira akamvuta shati.

"Twende, yameisha."

"Yameishaje, dada? Mimi niko kwenye foleni. Baada ya huyu mzee ni zamu yangu."