Mguu wa Rhonda Mikononi Mwangu

...kwa sababu mimi ndiye niliyemtangaza, Bwana anajua, mwaka jana, ndani ya kanisa hili hili, nilisimama na leso mkononi nikasema, ndugu na dada zangu, mwombeeni rafiki yangu Rhonda, anajidunga sindano, nikalitaja jina lake kana kwamba naliweka madhabahuni kumbe nalitupa barabarani, maana kesho yake tu kule nyumba ya wazee alikokuwa akiwaogesha vikongwe walikwisha kujua, wakamfukuza, na kila niliyekutana naye dukani alinishika bega, Dada Glenna, bado tunamwombea, na macho yanamng'aa kama mtu aliyeonja asali... na leo mguu wake uko mikononi mwangu, mguu wa kulia, kwenye beseni la bati, nami nimepiga magoti, nimejifunga taulo kiunoni kama Bwana alivyojifunga usiku ule, na katikati ya vidole vyake nimeona alama, nyekundu, mbichi, moja imevimba... aliniambia ameacha. Juzi tu, tukichambua maharage kibarazani kwangu, nimeacha, Glenna, kweli tena, nikamwambia apa, akaapa, jina la Bwana likatajwa bure kibarazani kwangu na aliyelidai ni mimi... usilie. Glenna, usilie, hapa kwetu mtu akitoa machozi wakati wa kutawadhana miguu husemwa Roho ameshuka, na dada wote huja mbio kukuwekea mikono, na Dada Orpha, yule pale kwenye benchi la mbele, mzee hivyo lakini macho yake yanaona uzi gizani, atainama aubusu mguu huu kama kawaida yake, ataona nilichokiona mimi, na mpaka kesho bonde zima... upande wa wanaume Ndugu Hobart, mchungaji wetu, anatoa mstari wa wimbo, anauvuta peke yake, kisha wote tunaufuata polepole, nami naimba huku macho yamenasa kwenye zile alama...

"Unaosha au unakagua?"

Ni Rhonda, chini chini, midomo haitikisiki, vile vile tulivyokuwa tukipiga soga wakati wa mahubiri tukiwa wasichana. Naosha, nikasema. "Basi osha, maji yanapoa, na unajua mimi natekenyeka"... najua, mwenzangu, tangu tukivuka kijito peku, samaki mdogo akikugusa unapiga ukelele mpaka mbwa wa ng'ambo wanabweka, ni mguu huu huu, na kovu la chupa hili hapa kisiginoni, nilikubeba mgongoni siku ile na damu ikachafua gauni langu la Pasaka, mama alinichapa, nawe ukasimama dirishani ukilia kwa niaba yangu... halafu yakaja maumivu ya mgongo, mgonjwa mzito alimwangukia kazini, daktari akamwandikia vidonge, vikawa vingi, kisha daktari akafungiwa kliniki yake na vidonge vikakatika, lakini maumivu hayakusikia habari hizo, ndipo sindano... na mimi nilisema nini, nilisema omba zaidi. Aliponiambia kuna zahanati mjini wanatoa dawa ya kuweka chini ya ulimi, inatuliza ile hamu, nilimjibu kama tunavyojibu wote hapa, huko ni kumfukuza shetani mmoja na kumkaribisha ndugu yake, sikumpeleka, na gari ninalo...

"Nyie wawili mbona mnakawia?" Dada Orpha huyo. "Kuku atapoa huko nje!"

"Miguu ya Rhonda mikubwa, Dada Orpha," nikasema, "beseni moja halitoshi."

Wakacheka, hata yeye Orpha, akageukia ndoo yake, na Rhonda akanong'ona, mshenzi we, na mguu ukalegea kidogo mikononi mwangu, nikauwekea taulo juu, palepale kwenye vidole... nimwambie Ndugu Hobart? Nikinyamaza na akafa, damu yake itadaiwa kwangu, nikisema, atatoka kwa mlango ule na safari hii hatarudi, alilala ndani ya gari lake majira yote ya baridi kabla sijamleta nyumbani kwangu, na hata kwangu, ile asubuhi, maji yanatiririka chooni, yanatiririka, namwita haitiki, mlango umefungwa kwa ndani, nikaenda kuchukua shoka la kuni, Bwana nisamehe, nilipokuwa nikipasua ule mlango sikuomba hata neno moja, nilimtukana, nilimtukana kwa jina la mama yake, midomo yake ilikuwa ya bluu, nikampulizia puani ile dawa ya kumzindua aliyezidisha, waliyotugawia watu wa afya, akapumua, akaniangalia, akasema, umeharibu mlango wako... nami nikaweka mlango mpya. Na komeo jipya. Komeo, Glenna, uliweka la nini...

lakini ngoja. Hakuna aliyemlazimisha leo. Asiye tayari hukaa benchi la nyuma na viatu vyake, hakuna amuulizaye, na yeye aliinuka, akapita mbele ya Dada Orpha aliyekwisha kumnyooshea mikono, akaja kuketi mbele yangu mimi, akavua soksi mwenyewe, polepole, ile ya kulia kwanza... alijua nitaona. Alikuja nione. Kwa mdomo angeniambiaje, na mdomo wangu anaujua, akaona bora aiambie mikono... na nilivyoinua uso ananitazama, hacheki tena, kidevu kinamtetemeka kama siku ile dirishani, anangoja nimdai kiapo kingine, na sitaki kiapo, Bwana, sitaki tena, kesho nitampeleka zahanati na Ndugu Hobart aseme atakalo, lakini kabla ya kesho kuna leo, kuna jioni ya leo... Ndugu Hobart anavuta mstari mwingine, maji yamepoa kabisa, mguu bado nimeushika, nikamsogelea kana kwamba nafuta kisigino, nikamwambia, Rhonda, leo ukiingia chooni, nakuomba, usifunge mlango kwa ndani.