Majina Yaliyokunjwa Ndani ya Mizani

Ijumaa asubuhi mizani ya kidijitali ya chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, kule Ulyankulu, iligoma ikiwa imebeba robota la tumbaku la Spesioza Minani. Kwenye kioo chake yakajipanga maneno yasiyotamkika: _ZN6Mizani4somaEv, na mengine ya namna hiyo. Damas, karani wa mizani, akaipiga makofi mawili, akaenda zake kunywa chai.

Wakamwita Vestina, binti wa Spesioza, anayeandika programu za kompyuta mjini Tabora. Mwenyekiti Wilbroad hakuwa na hamu naye hata kidogo. Spesioza alikuwa amesema mbele za watu kwamba mizani ile inakula kilo za watu, na Jumamosi mkutano ungekaa kumfuta uanachama. Akifutwa, hana pa kuuza tumbaku yake. Lakini fundi mwingine alikuwa Dar es Salaam na hapokei simu.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Itengeneze tu, mwanangu. Usiichokonoe."

Vestina akachomeka kompyuta yake, akaanza kuchokonoa.

Mtu akiandika programu huzipa kazi zake majina ya kibinadamu. Kisha programu nyingine huja kuigeuza kuwa lugha ya mashine, na hiyo ndiyo huyakunja majina, kama wapagazi wa njia ya Ujiji walivyofunga mizigo: kila kitu kimebanwa, hakuna kilichotupwa. Ndani ya fundo bado mna nyumba ya jina, kazi yake, na kile inachopokea. Anayejua kufungua huvikuta vyote.

Akafungua la kwanza: Mizani, soma, usipokee kitu. Papo hapo mizani ikasoma kilo tisini na nne, ambao ni uzito wa mwenyekiti, aliyekuwa amekaa kitini upande wa pili wa ghala.

"Ni viatu," mwenyekiti akasema.

La pili lilikuwa la kuwasha taa. Balbu ya ghala ikawaka, ingawa umeme wa Luku ulikuwa umekwisha tangu Jumanne na mizani yenyewe ilitumia betri. Damas akafurahi, akachomeka simu yake ipate chaji.

La tatu lilikuwa refu kuliko yote, limejificha nyuma ya wenzake. Vestina alilifungua taratibu, akalisoma kwa sauti ili mama yake asikie: "Mizani, punguza, ukimpokea mkulima asiye na ndugu kwenye kamati."

Tumbaku ikaonekana. Ilikuwa inaelea chini ya mabati, ya misimu mitatu, imekauka vizuri. Watu wakainua shingo, kila mmoja akaitambua yake kwa kamba. Spesioza hufunga mafungu yake kwa utepe wa kitenge cha njano, na upande mzima wa paa ulikuwa wa njano.

Vestina alifurahi, akamgeukia mama yake. "Mama, kumbe hukusingizia."

"Nilikuwa najua," Spesioza akasema. "Hata utepe wangu hawakujisumbua kuufungua."

Mwenyekiti akatazama juu, akapiga chafya, akaagiza ngazi. Akasema chama hakiibi, kinatunza. Spesioza hafutwi tena, maana alichosema kimeonekana, na kila mwanachama atarudishiwa mali yake leo hii hii. Watu wakapiga makofi. Hata Vestina alipiga, mara moja, kabla hajasikia yaliyofuata.

"Ila utaratibu ni utaratibu," mwenyekiti akaongeza. "Mali haitoki ghalani bila kupimwa."

Tumbaku ikashushwa, wakajipanga foleni. Vestina akaomba kwanza aliondoe lile jina la kupunguza. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba jambo hilo ni la kamati, na kamati itakaa. Shemeji yake na wapwa zake wawili, ambao ndio kamati, wakaitikia kwa kichwa.

Damas akaweka robota la Spesioza kwenye mizani. Mizani, ambayo sasa ilikuwa nzima kabisa, ikatoa mlio mdogo. Majani kadhaa yakachomoka na utepe wake, yakapanda polepole, yakaenda kutulia chini ya mabati mahali palepale.

Spesioza aliyasindikiza kwa macho mpaka yakatulia.

"Mwaka jana sikuwa najua hata yanakoenda," akasema, akasogea kumpisha aliyefuata.