Weka na Singida

Baba yangu, mzee Laurenti wa Mgori, alimfukuza mnunuzi mbele ya watu kwa ajili yangu. Naanzia hapo ili msije mkadhani habari hii ni ya simu.

Mnunuzi huyo ni Idrissa. Kila msimu huja na pikapu, huchovya kidole kwenye asali, hukunja uso kama aliyelamba shubiri, kisha hutaja bei ya kuvunja moyo. Watu humuuzia, maana ada ya shule haingoji. Mwaka ule baba alimwambia, "Safari hii asali yangu inauzwa na Dina. Mtandaoni." Idrissa akacheka, akasema atapita tena kabla ya Pasaka. Ndoo kumi na sita zikabaki chumbani kwa baba, naye akahamishia kitanda sebuleni.

Dina ndiye mimi. Nilikuwa na ukurasa wangu wenye picha nzuri za chupa, ila hakuna aliyeufungua. Nilikuwa pia na laki tatu, akiba yangu yote. Nikaenda kwa Kauthar, mwenye ofisi ya steshenari na matangazo pale Utemini, Singida mjini, kumuuliza hizo laki tatu nizipeleke wapi.

"Redio utalipia hata masikio ya wasiokula asali," aliniambia. "Hili la mtandaoni, mtu akitafuta 'asali mbichi' anakuona juu kabisa. Kukuona ni bure. Akikubonyeza ndipo unakatwa. Hela ya siku ikiisha, unapotea mpaka kesho."

Nikaona hapa ndipo penyewe. Akaniuliza tangazo lionekane mikoa gani.

"Dar es Salaam, Arusha, Dodoma," nikasema. Halafu nikaongeza, "Weka na Singida."

Kauthar akaniangalia. "Singida nani atanunua asali kwenye simu, dada? Hapa kila mtu ana mjomba mwenye mzinga."

"Wewe weka."

Sikumwambia sababu. Sababu ilikuwa Nathan, niliyeishi naye miaka minne nikimpikia na kumfulia, akanirudisha kwetu kama chupa tupu ya soda. Siku namwambia nitauza asali mtandaoni alisema, "Watu watalamba kioo?" Nilitaka siku moja atafute kitu kwenye simu yake anione mimi, juu kabisa, kwa jina langu. Hiyo ndiyo biashara niliyokuwa naifanya. Asali ilikuwa ya baba.

Nilimpigia baba kutoka mjini, nilikopanga chumba, siku tangazo lilipoanza. "Niombee, baba, wanibonyeze wengi. Bila kubonyezwa sipati kitu."

"Wengi kiasi gani?"

"Wengi tu. Kadiri wanavyozidi ndivyo vizuri."

Wakanibonyeza kweli! Saa mbili asubuhi hela ya siku nzima imeshakwisha. Arobaini, hamsini, kila siku ya Mungu. Nilikuwa naamka naangalia namba zile kabla ya kunawa uso, nacheka peke yangu. Nilikopa, nikanunua chupa mia mbili na lebo zake. Lakini simu ya oda haikuita. Wiki ya kwanza nikasema wanafikiria. Wiki ya pili mama mmoja wa Arusha aliuliza bei, akasema atarudi, hajarudi hadi leo. Wiki ya nne laki tatu zikaisha, na chupa mia mbili zikabaki tupu.

Kauthar akafungua ripoti, akaigeuza kompyuta niione. Dar es Salaam, watu kumi na mmoja. Arusha, wanne. Dodoma, wawili. Waliobaki wote, Singida.

"Nilikwambia," akasema. "Kila asubuhi watu wa hapa hapa wanaimaliza hela. Hao wa Dar wakiamka, wewe umeshapotea."

Nilijua ni nani. Nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye duka la vipuri vya pikipiki la Nathan, nikasimama mlangoni mbele ya wateja wake.

"Acha kunibonyeza!"

Wateja wakaangua kicheko, na kweli, nani asingecheka. Nathan aliweka chini mnyororo aliokuwa ameushika. Nikamweleza habari ya tangazo, ya mikoa, ya hela iliyokwisha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Dina," akasema, "mimi sijakutafuta hata siku moja."

Alilisema bila ubaya. Afadhali angelisema kwa ubaya.

Kesho yake nikaenda Mgori kumwambia baba ukweli. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Kwaresima. Nilimkuta uani, miwani puani, ameshika ile simu ya kugusa niliyomwachia ili aone picha za chupa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekwenda wapi? Jana na leo nimekutafuta, hupo."

Nikamuuliza nimekwenda wapi kivipi.

"Hapa." Akanionyesha simu. "Kila siku nikimaliza sala nakutafuta, nakubonyeza. Nimewafundisha jumuiya yetu nzima ya kanisani. Wasio na simu wanatumia hii yangu, wanapanga foleni. Si ulisema bila kubonyezwa hupati kitu? Nikaona ni kama kura. Nimeuza beberu, hela ya bando isikatike."

Nilikuwa nimebeba maneno yangu yote tangu mjini. Nikaangalia kile kidole gumba, kilichopasuka kwa kamba za mizinga, kimeganda juu ya kioo kinanisubiri nirudi. Niliyetaka anitafute hakunitafuta, na aliyenitafuta ndiye aliyenimaliza. Naye hakuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyesema weka na Singida.

"Hela ya tangazo imekwisha, baba," nikasema. "Hakuna aliyenunua."

Baba akavua miwani, akamtafuta Idrissa kwenye simu ile ile.

Idrissa alifika siku ya Jumamosi, akachovya kidole, akakunja uso. Alitaja bei iliyo chini ya ile aliyofukuziwa, kwa sauti ya juu, ili majirani wasikie. Baba aliitikia kwa kichwa. Ndoo kumi na sita zikatoka moja moja, na ya mwisho baba aliibeba mwenyewe.

Pikapu ilipoondoka tulirudisha kitanda chumbani. Sakafu ilikuwa bado inanata.

"Labda tulikuwa wachache," baba akasema. "Mgori ni padogo. Tungekuwa wengi wa kukubonyeza, asali ingetoka."

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Mlikuwa wachache."