Hedifoni za Chura

Mara ya kwanza Nduta alipopelekwa Nyeri kupimwa masikio, hakupimika. Khisa, mpimaji wa kliniki ile, alikuwa mtu mpole kutoka Bungoma, mrefu kiasi kwamba akiketi kwenye kiti cha watoto magoti yalimfika kifuani. Alimpa mtoto shanga za kuchezea, akamwonyesha picha za ng'ombe na mbwa, akazungumza naye bila haraka. Lakini alipoinua hedifoni nyeusi za mashine yake ili amvike, Nduta alipiga mayowe, akajitupa chini na kuung'ang'ania mguu wa meza. Njoki, mama yake, alimbembeleza mpaka akaona haya, maana watu waliokuwa kwenye foleni nje walikuwa wakisikia yote.

Khisa hakukasirika. Alieleza kwamba watoto wengi huogopa, ila bila hedifoni hangeweza kujua kila sikio linasikia kiasi gani. Akauliza kama nyumbani kuna hedifoni zozote, hata mbovu. Kama zipo, mtoto azichezee mpaka azizoee, halafu warudi.

Nyumbani kwao ni Endarasha, ambako Njoki hulima viazi na kabichi, na mumewe Gathogo hutengeneza mabomba ya maji ya wakulima. Aliyeanza kushuku masikio ya Nduta hakuwa mmoja wao. Alikuwa Katunge, mwalimu wa chekechea. Alimwambia Njoki kwamba mtoto huitika akipenda na asipopenda hukaa kimya, na kwamba yeye haamini kuwa ni kupenda. Monicah, mama yake Gathogo, aliyeishi nao boma moja, alikuwa na jibu lake tangu zamani: mtoto ana kichwa kigumu, na kichwa kigumu hakipelekwi hospitali. Njoki hakubishana naye. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe hakujua aamini nini. Kuna siku alimwita Nduta kutoka jikoni akaja mbio, na kuna siku alimwita akiwa amesimama karibu naye, na mtoto akaendelea kuchimba udongo kwa kijiko.

Gathogo alikuwa na hedifoni zake kuukuu, waya umekatika, sponji imeanza kubanduka vipande vipande. Njoki alizifuta akamwonyesha binti yake. Nduta alizitazama mara moja tu, akaenda kujificha nyuma ya tangi la maji.

Siku ya soko Njoki alipeleka viazi Karatina, na alipomaliza kuuza akapita kwenye mitumba. Katikati ya rundo la midoli alimkuta chura wa manyoya, wa kijani, mkubwa kama mto wa kulalia, macho yamemtoka juu ya kichwa kama ndimu mbili. Mwenye rundo alikiri kwamba chura huyo amekaa pale muda mrefu, watoto hawamtaki kwa sababu ya yale macho. Njoki alipitisha mkono kwenye manyoya. Yalikuwa laini kama kifaranga wa jana. Akamchukua.

Nduta alimpenda kuliko kitu chochote alichowahi kupewa. Alikula naye, akalala naye, akamfunga mgongoni kwa leso. Ndipo Njoki akapata wazo lililoonekana zuri sana: zile hedifoni zikivishwa ngozi ya chura huyo, mtoto hatazikataa. Akachukua makasi Nduta akiwa shuleni.

Kosa lilikuwa hapo. Nduta alirudi akamkuta mama yake ameketi kwenye kigoda, chura mapajani, tumbo wazi. Hakulia. Alimchukua chura wake mikononi mwa mama, akatoka naye nje. Kwa siku kadhaa alizunguka naye hivyo hivyo, pamba ikidondoka kila alikopita, kuku wakiifukuzia wakidhani ni chakula. Njoki aliokota pamba ile mlangoni na kwenye mboga, na kila kipande kilimchoma. Alimwomba mtoto msamaha. Hakujua kama alikuwa amesikia.

Pamba ilipokwisha, chura alibaki ngozi tupu. Asubuhi moja ya baridi Nduta alimvaa kichwani kama kofia, macho mawili yakisimama juu ya utosi wake, akaingia jikoni kuomba chai. Njoki aliweka sufuria chini. Akachuchumaa mbele yake.

"Unataka akae hapo?" alimuuliza kwa Kikuyu, akigusa kichwa chake.

Nduta akaitikia kwa kichwa.

"Basi nitamshona asianguke. Wewe utakuwa ukinishikia uzi."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Njoki alizitoa tena zile hedifoni za Gathogo, akabandua sponji yote iliyokuwa ikimeguka. Aliweka kikombe kimoja, kile kinachofunika sikio, juu ya gazeti, akakizungushia kalamu, kisha akakata manyoya ya tumbo kwa kufuata duara lile, akiacha nafasi pembeni. Alipitisha uzi ukingoni mwote, akauvuta kama mtu anayefunga mdomo wa gunia, na manyoya yakakikumbatia kikombe. Cha pili alikifanya vivyo hivyo. Miguu ya chura aliikata ikawa utepe wa kuvisha ule upinde wa juu, na pamba aliyokuwa ameiokota akaishindilia ndani. Mwisho alishona macho. Nduta alisimamia kazi hiyo kwa ukali. Jicho moja lilipokaa upande, alilishika na kutingisha kichwa, na Njoki akalifumua.

Alipovikwa, mtoto alisikiliza kitu ambacho mama yake hakukijua. Kisha akaenda kuokota mayai nazo. Jumapili alizivaa kanisani. Waimbaji wawili walishindwa kuimba kwa kicheko, na njiani kurudi Monicah alisema familia nzima sasa imekuwa ya kuchekwa. Njoki alisema pole, mama, akaendelea kutembea.

Waliporudi Nyeri, Nduta aliingia kliniki na chura wake kichwani. Khisa alisimama kumpokea. Alizichunguza zile hedifoni, akagusa mishono, akasifu kwa dhati. Kisha akamgeukia Njoki.

"Mama Nduta, hizi ni nzuri sana. Lakini siwezi kupima nazo. Hazina sauti ya mashine. Na hata zangu nikizivisha manyoya, manyoya yatameza sauti."

Njoki aliketi. Alihisi uchovu wa safari yote ukimshukia mabegani. Alieleza kwamba walikuwa wamefanya alivyowaagiza, na mtoto amezoea kabisa. Khisa akakubali, akasema kazi yao haikupotea. Alifikiri kidogo, akavuta kile kiti kifupi, akaketi mbele ya Nduta.

"Naomba nimvae chura wako," alisema. "Wewe univalie hizi zangu."

Njoki alitafsiri. Nduta alimtazama yule mtu mrefu, akazitazama zile nyeusi mkononi mwake, kisha akamtazama tena. Akamvua chura polepole na kumpa.

Kichwa cha Khisa kilikuwa kikubwa mno. Upinde ulitanuka, jicho moja likaangalia dirishani na jingine likaangalia dari. Alijigeuza kwenye mashine yake kwa uso wa kazi, kana kwamba hivyo ndivyo anavyovaa kila siku. Nduta hakucheka. Alipanda magoti ya mama yake, akanyoosha mkono, akalirekebisha jicho lililopinda. Kisha akaketi vizuri, akangoja kuvikwa. Njoki alimvika zile nyeusi. Mtoto alikunja uso, akazigusa, akaziacha zikae.

Mchezo ulikuwa rahisi: ukisikia mlio, unatia ushanga kwenye mkebe. Khisa alianza na sikio la kulia, na shanga zikaanguka moja baada ya nyingine, hata alipopunguza mlio mpaka mwisho. Kisha akahamia kushoto. Nduta alishika ushanga juu ya mdomo wa mkebe na kungoja. Khisa alibonyeza, akaongeza sauti, akabonyeza tena. Mtoto aliendelea kungoja, mkono haujachoka, macho yake yakiyatazama macho ya chura. Njoki naye hakuwa akisikia kitu chochote, lakini kule kungoja kulimweleza.

Khisa alisahau kumvua chura. Njoki aliambiwa habari ile na mtu mwenye macho manne, wala hakuona ajabu.

"Sikio la kulia liko sawa kabisa. La kushoto karibu halisikii. Pengine alizaliwa hivyo."

"Kwa hivyo si kichwa kigumu," Njoki alisema.

"Hapana. Wakati mwingine mlikuwa mnaongea na upande ambao hauna mtu."

Alimweleza kwamba daktari wa masikio atamwona, na kwamba kuna vifaa vya kusaidia wakati ukifika. Kwa sasa shuleni akae mahali ambapo sikio la kulia linamwelekea mwalimu, na barabarani ashikwe mkono, kwa sababu hatajua gari linatoka wapi. Njoki aliinama kumfunga Nduta kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka, akakaa hapo chini kidogo mpaka macho yakakauka. Walipoaga, Nduta alinyoosha mkono kumdai chura wake. Khisa alimrudisha, akamwomba Njoki, akipata nafasi, amshonee naye hedifoni za manyoya za kuvaa kazini. Njoki akauliza anataka mnyama gani. Yoyote, alisema, bora asiwe simba.

Jioni Njoki aliwaeleza watu wa nyumbani. Gathogo aliuliza maswali mengi, kisha akatoka nje, akakaa huko. Monicah aliendelea kumenya viazi. Aliuliza jambo moja tu, ni sikio gani, na baada ya muda akauliza tena kama vile hakuwa amejibiwa.

Asubuhi Njoki alikuwa akimwaga maji machafu nyuma ya jiko alipomwona mama mkwe akivuka uwanja na ndoo ya kukamulia. Nduta alikuwa amechuchumaa karibu na zizi, mgongo kwao, akichimba. Monicah alimfikia upande wa kushoto, akasimama. Kisha akamzunguka. Alishika ukuta wa mbao, akainama taratibu kwa sababu ya magoti yake mabaya, na kumwambia jambo kwenye sikio la kulia. Njoki hakulisikia. Mtoto aliacha kijiko kikiwa kimesimama udongoni, akainuka, na wote wawili wakaingia kwa ng'ombe.